Harufu ya kalamu ile

Usiku wa shambulio nilikuwa mlangoni mwa chumba cha dharura nikipanga majeruhi nani atibiwe kwanza, kalamu ya wino mzito mkononi na furushi la kadi za rangi. Nyekundu aingie sasa hivi, njano asubiri kidogo, kijani anatembea mwenyewe. Nyeusi haikuwa ya maiti peke yao. Kwa utaratibu wetu ilifungwa hata kwa anayepumua bado, ikiwa kumhangaikia yeye kungewaponza wengine wanaookoleka. Nilimfungia mwanamume mmoja, nikamwandikia namba mkononi. Alinitazama. Nikaita machela inayofuata.

Wiki tatu baadaye mwanangu aliniomba nimwandikie jina kwenye daftari. Nilipovua kifuniko cha kalamu, ile harufu ikanipanda puani, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio kana kwamba niko palepale mlangoni.

Mwenzangu wa chumba cha dharura, nawe wa gari la wagonjwa: kukosa usingizi na kushtukashtuka siku za mwanzo si wazimu wala si udhaifu. Wengi wetu hutulia baada ya wiki chache. Lakini mwezi ukikatika na picha bado zinarudi, au umeanza kukwepa zamu, nenda kwa mtaalamu. Ipo tiba ya mazungumzo mahususi kwa kiwewe, na inasaidia kweli. Pombe itakulaza, kisha itakuamsha usiku wa manane ukiwa na hali mbaya zaidi.

Viongozi wa zamu, nawasihi: msituweke kwenye duara asubuhi yake kila mtu alazimike kusimulia. Sisi tuliwekwa, kwa nia njema, nikatoka nimebeba yangu na ya wenzangu. Hata Shirika la Afya Duniani halishauri vikao vya namna hiyo kama kinga. Tupeni maji, chakula, nafasi ya kupiga simu nyumbani. Anayetaka kusema asikilizwe, anayenyamaza aachwe, ila asiachwe peke yake.

Kilichonitesa zaidi ni hatia. Kuambiwa "ulifanya kazi yako" hakukunigusa hata kidogo. Nilianza kupumua siku daktari mmoja wa upasuaji alipokaa nami, tukahesabu pamoja: vyumba vya upasuaji vilivyokuwa wazi saa ile, chupa za damu, kadi nyekundu zilizokuwa foleni. Nililia mbele yake, naye hakuniharakisha.

Kwa mtaalamu nilianza kwa kuishika kalamu ikiwa imefunikwa. Daftari la mwanangu nililiandika miezi mitano baadaye.