Unataka kugeuza ndege ya mabosi iwe maabara? Anza na uzito na umeme

Juzi kijana mmoja wa uhandisi kanitumia meseji, anataka siku moja afanye kazi kwenye ndege za utafiti kama mimi, na tayari ameshachagua sensa, yaani vifaa vya kupimia, za kufunga. Nimefurahi sana, ila mdogo wangu, umeanzia mwisho.

Ndege hizi zilitengenezwa kubeba matajiri. DLR, shirika la anga la Ujerumani, walichukua Gulfstream G550 wakaiita HALO, inapanda zaidi ya kilomita 15, juu kuliko ndege za abiria, na inaweza kubeba hadi tani 3 za vifaa. Falcon 20 yao ndo ilipaa Aprili 2010 kupima majivu ya volkano ya Iceland wakati sehemu kubwa ya anga la Ulaya imefungwa. NASA nao walikuwa na Gulfstream II za kufundishia marubani wa space shuttle, chombo cha kwenda anga za juu, na ili kuiga kinavyotua zilikuwa zinashuka magurudumu makuu yakiwa nje na injini zinasukuma kinyume hukohuko hewani! Hebu fikiria mkia unavyopigwa na upepo ule, huwezi kufanya hivyo bila kupiga upya hesabu za ndege nzima.

Kwenye mradi wetu wa kugeuza ndege kuwa maabara mimi nilikuwa mtu wa uzito na umeme. Kila mtafiti anataka reki yake, yaani fremu ya kufungia vifaa, ikae nyuma karibu na dirisha, nikakataa, reki zikijazana nyuma uwiano wa ndege unaharibika na rubani ndo anabaki kupambana nao. Halafu jenereta, moja ikizima hewani lazima vifaa vya utafiti vikatike kwanza, ndege ibaki na umeme wake. Mkubwa mmoja akanijibu mbele ya watu, "wewe ni wa makaratasi tu." Mpaka leo inaniuma jamani. Nikanyamaza nikaendelea na majedwali yangu, wakaguzi walipokuja kitu cha kwanza kuomba ni hayo majedwali, na wiki iliyopita kibali kimetoka. Saini ya yule mkubwa iko chini ya yangu.

Kwa hiyo vijana, jifunzeni uzito, jifunzeni umeme, msikimbilie sensa. Msione haya kuitwa watu wa makaratasi, tundu kwenye bodi ya ndege yenye presha linatobolewa kwenye karatasi kwanza, drili inafuata. Pimeni kila kitu mpaka nyaya na skrubu. Na wewe ulieniandikia, chukua hizo sensa zako, tengeneza jedwali la kilo na wati, nitumie nilipitie.