Kura ya uamuzi ya mwenyekiti wa majaji: uzito wake uko wapi?

Ukiombwa uenyekiti wa majaji katika mashindano ya mashairi, iwe hapa Lamu au kwingineko, uliza jambo moja kabla ya kukubali: je, utapiga kura pale tu kura za wenzako zinapolingana, au utapiga pamoja nao na kisha upige tena zikilingana? Nimekaa katika majopo ya aina zote mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko waandaaji wengi wanavyodhani.

Tuchukue majaji wanne, washairi wawili waliofika fainali, na kila jaji awe na uwezekano sawa wa kumchagua huyu au yule. Kura zao zaweza kupangika kwa njia 16, na katika njia 6 zitakuwa mbili kwa mbili, yaani asilimia 37.5. Mwenyekiti, akiwa mtu wa tano asiyepiga kura ila ikitokea sare, huamua matokeo katika hali hizo tu. Hata hivyo, jaji yeyote katika jopo la watu watano naye huamua matokeo pale tu wenzake wanne wanapogawanyika sawasawa, kwa hiyo nguvu zao ni zile zile. Kinachomtofautisha mwenyekiti ni kwamba kura yake hujulikana, na lawama za barazani humwandama yeye peke yake.

Mambo hubadilika jopo likiwa na watu wanne, mwenyekiti akiwa mmoja wao, naye akapewa kura ya pili. Hapo hashindwi mpaka wenzake watatu waungane wote dhidi yake: kura yake huamua katika hali 6 kati ya 8, ilhali ya kila mwenzake huamua katika hali 2 tu. Nafasi hiyo siku hizi naikataa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 122, humnyima Spika kura kabisa, na kura zikilingana hoja huanguka. Sisi hatuna njia hiyo, maana zawadi lazima ipate mwenyewe.

Jopo la wanne huku kwetu aghalabu huzuka bila kupangwa. Walialikwa watano, kisha ikabainika kuwa mshairi mmoja ni mpwa wa jaji, jambo lisiloepukika katika mji ambao watu wameoana hivi, na jaji akajitoa kwa haki. Kwa hiyo awepo jaji wa akiba, pengine kutoka Faza au Siyu katika kisiwa jirani cha Pate, anayesikiliza mashairi yote tangu mwanzo.

Washairi wakiwa watatu, hata idadi ya watano haitoshi, kwa kuwa kura zaweza kuwa mbili, mbili na moja. Basi irudiwe kura baina ya wawili walio mbele. Mwenyekiti wa kura ya sare naye aandike chaguo lake na kulikunja kabla ya kura za wenzake kuhesabiwa. Karatasi hiyo isipohitajika, ichanwe bila kufunguliwa.