Maswali na majibu: Nyaraka za wahafidhina wa Marekani ziko wapi, na zisomwe vipi

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: makanisa na vyama vya kihafidhina vya Marekani, na karatasi walizoacha nyuma. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili Dodoma. Msimamizi wangu anasema Wakristo wahafidhina wa Marekani waliingia siasani kwa sababu ya utoaji mimba. Kitabu nilichosoma kinasema chanzo ni shule. Nimwamini nani?

Marahaba, mwanangu. Usimwamini yeyote bado. Anza na kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwaka wa Southern Baptist Convention, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo. Zimehifadhiwa Nashville, na maazimio yake yanasomeka mtandaoni bure. Fungua mwaka 1971, mkutano uliofanyika St. Louis. Utakuta azimio linalowataka waumini kupigania sheria itakayoruhusu kutoa mimba pakiwa na ubakaji, zinaa ya maharimu, kasoro kubwa iliyothibitika ya mtoto aliye tumboni, au hatari kwa afya ya mama, na hapo wametaja afya ya hisia, ya akili na ya mwili. Hiyo ni miaka miwili kabla ya hukumu ya Roe ya mwaka 1973, ambayo Mahakama ya Juu iliruhusu kutoa mimba nchi nzima. Kisha fungua mwaka 1980. Dhehebu lilelile linataka katiba ibadilishwe ili kutoa mimba kupigwe marufuku, isipokuwa kuokoa uhai wa mama.

Ukiyaweka maazimio hayo mawili sambamba, swali lako la utafiti linajiandika lenyewe: kilitokea nini katika miaka hiyo tisa?

Hapo ndipo shule zinapoingia. Mwaka 1971 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba shule binafsi inayobagua kwa rangi haistahili msamaha wa kodi. Chuo cha Bob Jones cha Greenville, South Carolina, kilichokuwa kikikataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana, kilinyang'anywa msamaha huo mwaka 1976. Mwaka 1978 mamlaka ya kodi ilipendekeza masharti makali zaidi kwa shule binafsi zote, na barua za kupinga zikamiminika, zaidi ya laki moja. Kesi ya Bob Jones ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, na chuo kikashindwa mwaka 1983. Mwanahistoria Randall Balmer alikwenda Laramie, Chuo Kikuu cha Wyoming, kusoma karatasi za Paul Weyrich, mmoja wa wasukaji wakuu wa muungano wa Wakristo wahafidhina na wanasiasa. Akatoka na hoja kwamba kodi za shule ndizo zilizowaamsha viongozi, na suala la utoaji mimba likafuata baadaye.

Maoni yangu ni kwamba Balmer ana hoja nzito kuhusu viongozi, lakini karatasi za viongozi zinaonyesha hesabu za viongozi. Mama wa Ohio aliyesimama nje ya zahanati ya kutolea mimba na rozari mkononi hakuwa anawaza kodi ya Bob Jones. Wakatoliki walikuwa wamejipanga dhidi ya utoaji mimba tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo tasnifu yako ieleze wazi inamzungumzia nani: walioitisha mikutano, au waliojaa ukumbini. Kila kundi lina masanduku yake, na ukiyachanganya utapata jibu lisilo la mtu yeyote.

Mwalimu, kwa nini wapinzani wa wahafidhina ndio wanaotunza karatasi za wahafidhina? Nimeona mkusanyo mkubwa uko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Berkeley si ngome yao. (Msomaji, Mombasa)

Umeuliza swali ambalo watafiti wengi hulifikia wakiwa wamechelewa.

Mkusanyo unaousema uko Maktaba ya Bancroft, na ulikusanywa na People For the American Way, shirika lililoanzishwa kupambana na mrengo wa kulia wa kidini. Walijiandikisha kupokea majarida ya wapinzani wao, wakaagiza kanda zao, wakatunza barua zao za kuomba michango. Walitaka kujua adui anapanga nini. Leo, vita hivyo vikiwa vimebadilika sura, karatasi zile zimekuwa hazina ya mwanahistoria, kwa sababu wahafidhina wenyewe walizituma, na waliozipokea wakazisoma na kuzitupa. Nani anaweka barua ya kuomba dola 25?

Uko pia mkusanyo wa Wilcox katika Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence. Laird Wilcox alikuwa mkusanyaji wa siasa za pembeni, za kushoto na za kulia, na mwaka 1965 chuo kikanunua alichokuwa nacho. Brown University, Rhode Island, una mkusanyo wa Hall na Hoag: Gordon Hall alikuwa akizunguka kuhutubia dhidi ya itikadi kali, na Grace Hoag akawa mwenzake katika kukusanya.

Sasa angalia kinachotokea. Mtu anayekusanya ili kuonya hubeba kile kinachotisha. Kipeperushi chenye vitisho kitatunzwa, ila tangazo la chakula cha jioni cha kanisa halitatunzwa, hata kama vyote vilitoka kwenye mashine moja ya kuchapia, wiki ileile. Msomaji wa miaka hamsini baadaye atadhani watu wale waliishi kwa vitisho tu. Upande wa pili nao una kasoro yake. Chuo cha Liberty, Lynchburg, kinatunza karatasi za mwanzilishi wake, mhubiri Jerry Falwell, aliyeunda Moral Majority, chama cha kuwaingiza Wakristo wahafidhina siasani, mwaka 1979 na kuivunja mwaka 1989. Taasisi inayomtunza mwasisi wake ina sababu zake za kumpenda. Kabla ya kusoma karatasi ya kwanza, soma maelezo ya namna mkusanyo ulivyopatikana. Huwa ni aya moja tu mwanzoni mwa mwongozo wa mkusanyo, na watu wengi huiruka. Usiiruke.

Ni sahihi kuwaweka wahafidhina na Ku Klux Klan, kundi la kibaguzi la Wazungu, kapu moja? Mikusanyo mingi inafanya hivyo. (Mwandishi wa habari, Dar es Salaam)

Si sahihi, na usikubali mpangilio wa rafu ufikiri badala yako. Wilcox na Hall-Hoag waliwaweka pamoja kwa sababu walikuwa wanakusanya kila kilicho nje ya siasa za kawaida. Lakini National Review, jarida la kihafidhina alilolianzisha William F. Buckley mwaka 1955, lilimshambulia hadharani Robert Welch wa John Birch Society, chama cha kupinga ukomunisti, mwaka 1962, kwa sababu Welch aliwaona wakomunisti kila mahali, hata ndani ya Ikulu. Walikuwa wanachora mpaka wenyewe.

Ila usiwape sifa kuliko wanayostahili. Jarida hilohilo, mwaka 1957, lilichapisha tahariri ya kuwatetea Wazungu wa Kusini waendelee kutawala hata pale walipokuwa wachache. Mimi ni Mwafrika, na kuisoma kunauma. Lazima isomwe pamoja na ile ya 1962, kwani anayeleta moja na kuiacha nyingine anawadanganya wasomaji wake. Karatasi za Buckley ziko Yale, na rekodi za kipindi chake cha televisheni, Firing Line, kilichoendeshwa kuanzia 1966 hadi 1999, ziko Taasisi ya Hoover, Stanford. Maandishi ya vipindi vingi yanasomeka mtandaoni.

Bwana asifiwe. Mimi ni mchungaji wa AIC (Africa Inland Church) upande wa Machakos. Nimesikia karatasi za wamisionari waliotuletea Injili ziko Illinois. Ni kweli?

Amina, Mchungaji. Ni kweli. Rekodi za Africa Inland Mission (AIM) ziko Chuo cha Wheaton, Illinois, katika hifadhi iliyokuwa ikijulikana kwa jina la mhubiri Billy Graham. Misheni hiyo ilianza mwaka 1895, na mwanzilishi wake, Peter Cameron Scott, alifariki mwaka uliofuata huko Nzaui, Ukambani. Baadaye makao yakawa Kijabe. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekuwa ametoka tu madarakani, aliweka jiwe la msingi la jengo la shule ya watoto wa wamisionari pale.

Nalileta hili katika mada yetu kwa sababu ukoo ni mmoja. Kati ya 1910 na 1915 tajiri wa mafuta wa California, Lyman Stewart, aligharimia mfululizo wa vitabu kumi na viwili ulioitwa The Fundamentals, ukagawiwa bure kwa wachungaji, wamisionari na walimu wa dini duniani kote. Jina la wafandamentali, yaani Wakristo wanaoshikilia misingi ya imani bila kuibadili, limetoka humo. Misheni kama AIM zililelewa na makanisa ya mrengo huo, na mengi tunayodhani ni mila ya kanisa letu yalijadiliwa kwanza katika kamati za Marekani.

Ukizisoma barua zile, Mchungaji, kumbuka nyingi ziliandikwa ili zisomwe mbele ya wafadhili. Mwinjilisti Mkamba aliyetembea vijiji ishirini hutajwa kama "msaidizi", pengine bila jina. Kwa hiyo ziwekeni pamoja na faili za Makavazi ya Kitaifa Nairobi, na muhimu zaidi, na kumbukumbu za wazee wenu wakiwa bado hai. Wekeni kinasa sauti mezani mwaka huu. Karatasi za Wheaton zitasubiri, wazee hawatasubiri.

Jambo moja la kukuepusha na safari ya bure: karatasi binafsi za Billy Graham hazipo tena Wheaton. Zilihamishiwa Charlotte, North Carolina, mwaka 2019.

Wanawake wako wapi katika hadithi hii? Nasoma Falwell, Buckley, Reagan, basi. (Msomaji, Kigoma)

Wako kila mahali, dada yangu, na bila wao vuguvugu hili lisingesimama. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya katiba ya haki sawa kwa jinsia zote. Zilihitajika majimbo 38 kuyaidhinisha, na mwanzoni yaliidhinishwa mbio mbio. Phyllis Schlafly wa Alton, Illinois, mama wa watoto sita, akaanzisha kampeni ya kuyapinga. Wanawake wakapika mikate na kuipeleka kwa wabunge wa majimbo, ikiwa na ujumbe wa kuomba kura ya hapana. Muda ulipokwisha mwaka 1982, majimbo yalikuwa yamekwama kwenye 35.

Lakini ninayetaka umtafute ni Mildred Jefferson. Alitoka Texas, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuhitimu udaktari Harvard, mwaka 1951, na kuanzia 1975 hadi 1978 rais wa shirika la kitaifa la kupinga utoaji mimba. Karatasi zake ziko Maktaba ya Schlesinger, hapo hapo Harvard, iliyoanza mwaka 1943 kwa karatasi za mpigania haki ya kura ya wanawake, Maud Wood Park. Wanawake waliopingana maisha yao yote sasa wanakaa rafu jirani. Anayedhani wahafidhina wa Marekani ni wanaume weupe wa Kusini tu aanze na sanduku la Daktari Jefferson.

Barua zilizoandikwa kwa Rais Reagan, raia wa nje anaruhusiwa kuzisoma? (Msomaji, Bujumbura)

Anaruhusiwa. Sheria ya mwaka 1978 ilifanya karatasi za urais kuwa mali ya umma, na Reagan ndiye rais wa kwanza kuangukia chini yake. Maktaba yake iko Simi Valley, California. Omba mafaili ya Morton Blackwell, aliyekuwa kiungo wa Ikulu na makundi ya kidini mwanzoni mwa utawala ule. Orodha ya majalada yake iko mtandaoni, na sala mashuleni ni mada mojawapo. Jalada ambalo halijafunguliwa unaliombea kwa sheria ya uhuru wa habari, na uraia wako hauulizwi. Jiandae kusubiri sana.

Na televisheni je? (Msomaji, Kisumu)

Chuo cha Vanderbilt, Nashville, kinarekodi taarifa za habari za jioni tangu Agosti 1968. Wazo lilikuwa la Paul Simpson, mtu wa bima aliyeamini mashirika makubwa ya habari yanapendelea upande mmoja, na akashangaa kukuta kanda zilikuwa zinafutwa. Leo watafiti wa pande zote wanatumia matunda ya shaka yake.

Naishi Minneapolis, nafanya kazi za zamu. Nimepata siku mbili za kwenda kwenye hifadhi kwa mara ya kwanza. Nifanyeje nisiaibike?

Huna cha kuonea aibu, ndugu yangu. Waandikie barua pepe wiki kadhaa kabla, taja namba za masanduku unayotaka, kwa sababu mengi hukaa ghala la mbali na hayaletwi siku hiyohiyo. Nenda na kitambulisho chenye picha. Begi na kalamu ya wino vitabaki kwenye kabati nje, utaingia na penseli, kompyuta na simu. Utaletewa sanduku moja, utafungua jalada moja tu kwa wakati, na karatasi zibaki katika mpangilio uliozikuta, hata ukiona zimepangwa vibaya. Kupiga picha bila mwanga wa flashi huruhusiwa mahali pengi, uliza tu.

Kabla ya kupiga picha ya barua yoyote, piga kwanza picha ya lebo ya sanduku na ya jalada. Ukirudi nyumbani na picha mia tatu zisizo na lebo, hutaweza kunukuu hata moja. Siku ya kwanza piga picha nyingi bila kusoma sana. Usiku zipitie, kisha kesho yake urudi kwa yale masanduku mawili au matatu yaliyokushika. Na mtunza nyaraka aliyeko mezani mweleze unachotafuta kwa sentensi mbili, kwa kuwa yeye anajua masanduku ambayo mwongozo haukuyaeleza vizuri.