Mnaouliza maisha ya mashuani yakoje

Kila nikituma picha, maswali huwa ni yaleyale. Mama huuliza usiku tunalala wapi na nani anaangalia chombo. Marafiki huuliza nani anatugharamia likizo isiyokwisha. Na sasa mdogo wangu ameniandikia kwamba anataka kuacha kazi aje tuzunguke naye visiwa vya Karibi kwa matanga. Mdogo wangu, nakupenda, ndiyo maana nakujibu kwa urefu. Wengine nanyi someni humuhumu.

Kwanza, si likizo. Mimi na mume wangu tunaishi kwenye mashua ya mita 12, na riziki yetu inatokana na kazi za kompyuta tunazozifanya kwa intaneti ya setilaiti. Lakini kabla ya kazi hiyo ipo kazi ya chombo, nayo haingoji. Nchi kavu ukifungua bomba maji yanatoka, ukibonyeza swichi taa inawaka. Hapa maji na umeme tunatengeneza wenyewe, tunavipima kila siku, na vikiisha hakuna wa kumpigia simu.

Chukua maji. Bahari imetuzunguka pande zote, lakini kila lita yake ina gramu 35 hivi za chumvi. Tuna mashine inayoyasukuma maji hayo kwenye utando kwa mgandamizo wa baa 55 hivi, chumvi ikabaki upande mmoja na maji ya kunywa yakatoka upande wa pili kwa kijimrija chembamba. Mashine hiyo inakula umeme, umeme unatoka kwenye paneli za sola zilizoko shetri, yaani nyuma ya mashua, na paneli zinataka jua. Mawingu yakitanda siku kadhaa mfululizo, tunaanza kuhesabu vikombe. Tukiwa bandarini hatuiwashi kabisa, kwa sababu maji yenye mafuta huharibu utando. Ili kubana maji, vyombo vya kulia tunaviosha kwa maji ya bahari, kisha tunavisuuza kwa maji kidogo sana yasiyo na chumvi. Kuoga ni kujitosa baharini na sabuni, kupanda ngazi, na kujimwagia lita chache za kuondoa chumvi. Hiyo suuza ya mwisho usiiruke hata uwe umechoka vipi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na nguo au shuka iliyoingia chumvi haikauki tena. Jioni unalala juu ya kitu kibichi.

Na bahari inakula chuma. Metali mbili tofauti zikiwa zimeungana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa na nyingine ikapona. Ndiyo sababu kwenye mhimili wa rafadha, ile panga inayosukuma chombo, tunafunga kipande cha zinki, kiliwe chenyewe badala ya rafadha. Nikipiga mbizi kukikagua nakikuta kimejaa mashimo, kinamomonyoka kwenye vidole, na hapo najua zamu ya kukibadilisha imefika. Huko huko chini ndiko ninakokwangua makombe na mwani kwenye mkuku, uti wa chini wa mashua, kwa pumzi moja moja, maana maji ya joto huotesha kila kitu upesi na chombo kichafu hakiendi. Choo nacho ni cha kupampu kwa mkono, na mabomba yake huziba kwa magamba magumu ya chokaa. Mara kwa mara mtu anayafungua na kuyagonga mpaka magamba yatoke. Hii haimo kwenye picha yoyote, lakini ndiyo wiki yetu.

Mama, usiku tunalala kwenye nanga, ndani ya ghuba iliyokingwa na mawimbi. Kina kikiwa mita nne tunatoa mnyororo mita 20. Upepo ukitarajiwa kuvuma, karibu mita 30. Kisha mmoja wetu anavaa miwani na kuifuata nanga hadi chini kuona kama imezama mchangani sawasawa. Kwenye nyasi za baharini huteleza. Kwenye matumbawe hatuitupi kamwe, kwa sababu mnyororo mmoja huvunja kwa usiku mmoja kilichochukua miaka mingi kukua, na inaniuma kuona wengine wakifanya hivyo. Simu imetegwa ipige kengele tukisogea. Hata hivyo usingizi wa hapa ni mwepesi. Wingu jeusi likija kutoka mashariki, upepo hupanda kutoka kilomita 30 kwa saa hadi zaidi ya 60 katika dakika chache, mvua ikapiga usawa wa macho. Usiku mmoja mashua iliyokuwa mbele yetu ilianza kuburura nanga na kutujia ubavu ubavu. Mume wangu aliwasha injini, mimi nikakimbilia omo, yaani mbele ya mashua, na maboya ya mpira nikayashindilia katikati ya mbao zetu na zao, huku nikipuliza honi mpaka mwenyewe akatoka ndani. Tuliisukuma kwa miguu, ikapita. Baada ya hapo hakuna aliyelala.

Safari ndefu ni habari nyingine. Mashua yetu huenda kama kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, ila yenyewe haisimami usiku wala mchana. Kutoka Visiwa vya Kanari kuvuka Atlantiki hadi Karibi ni wiki tatu hivi. Mnapeana zamu za saa tatu tatu, na usingizi wenu unakatwa vipande kwa muda wote huo. Siku za mwanzo wengi hutapika, hata mabaharia wa zamani. Halafu mwili unatulia, na hapo ndipo ninapoelewa kwa nini bado niko hapa. Zamu ya usiku wa manane, tanga limejaa upepo wa biashara, ule wa kudumu wa mashariki, kutoka nyuma, nyota hadi kwenye ukingo wa maji, na pomboo wakipita chini ya chombo wakiacha michirizi ya mwanga wa vijidudu vya baharini. Nimependa maisha haya kwa moyo wote, na neno hilo silirudishi nyuma hata baada ya yote niliyoyasema juu.

Lakini anayetawala ratiba ni hali ya hewa. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na wengi huteremka kusini, Grenada au Trinidad, kungoja upite. Hata huko si salama moja kwa moja. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl, kikiwa cha daraja la nne, kilipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada ambako mashua nyingi zilikuwa zimekimbilia mikokoni. Kwa watu wengi mashua waliyoipoteza ndiyo ilikuwa nyumba na akiba yote. Watu wa visiwani walipoteza paa na mashamba, na wao hawakuwa na mahali pa kuteremkia.

Sasa wewe mdogo wangu. Karatasi zitakusumbua kuliko mawimbi. Ukiwa Carriacou unakiona Union Island kwa macho, lakini hicho ni cha Saint Vincent na Grenadini, nchi nyingine. Tukifika tunapandisha bendera ya manjano, nahodha anashuka peke yake na pasipoti zetu hadi uhamiaji na forodha, na sisi tunabaki chomboni mpaka turuhusiwe na maofisa hao. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa, na pasipoti yako itataka viza utakayoiomba mapema ukiwa nyumbani. Jina lako likiingia kwenye orodha ya mabaharia, nahodha ndiye anayebeba dhamana ya kukuondoa nchini, kwa hiyo hatakupokea bila tiketi ya kurudi au fedha zake. Na wengi wanaopanda mashua za watu namna hii hawalipwi, wanachangia chakula. Usiache kazi kwa ajili ya hilo.

Omba likizo. Njoo kati ya Januari na Aprili, upepo ukiwa wa uhakika na mvua ni chache. Naweza kukuahidi tarehe, au naweza kukuahidi kisiwa. Vyote viwili siwezi, kwa hiyo nunua tiketi inayobadilishika. Leta begi laini lisilo na magurudumu, maana gumu halina pa kukaa, na katoni iache gatini kwa sababu mende hutaga mayai kwenye mikunjo yake. Kabla ya kuja jifunze kuogelea vizuri, na uanze kuulizia viza ya Ufaransa wiki hii.