Mwasho wa usiku, tyubu za dukani na maswali yenu mengine

*Shikamoo daktari. Mimi na wanangu wawili tunajikuna usiku kucha, katikati ya vidole na kiunoni. Nimebadilisha sabuni, wapi! (Mama, Temeke)*

Marahaba. Sabuni haina kosa. Mwasho unaozidi usiku, sehemu hizo, tena kwa watu watatu wa nyumba moja, kwa kawaida ni upele: mdudu mdogo sana anachimba ngozini na kutaga mayai. Dawa za kupaka kama BBE (benzyl benzoate) zipo, ila wengi hukosea kwa kumpaka anayejikuna tu. Pakeni wote siku moja, hata baba anayejiona mzima, maana anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila dalili. Paka kuanzia shingoni hadi nyayo, chini ya kucha na sehemu za siri msiziruke. Watoto hupunguziwa makali ya BBE kwa maji, hivyo mwulize mfamasia kipimo. Mashuka na nguo fueni kwa maji ya moto, mwanike juani. Mwasho ukiendelea wiki mbili tatu baada ya tiba, msianze kupaka kila siku kwa hofu. Dawa yenyewe nayo huwasha.

*Nina duara pajani. Tyubu ya dukani ililipoza, sasa limekuwa kubwa kama sahani. (Nakuru)*

Inaelekea ni choa, wengine huita mashilingi, yaani fangasi. Soma boksi: ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi. Inazima mwasho huku fangasi akitanuka kwa raha zake. Binafsi tyubu hizi za "mchanganyiko", zenye steroidi na dawa ya fangasi pamoja, ningezitoa kabisa mikononi mwa wauzaji wasiouliza swali. Iache tyubu hiyo, tumia krimu ya fangasi ya clotrimazole tupu mara 2 kwa siku, na usikatishe mara tu doa linapofifia. Wiki 4 zikipita bila nafuu, nenda kliniki. Mapunye ya kichwani huhitaji vidonge.

*Mtoto wa miezi minne ana vipele shingoni na joto hili la Dar.*

Harara. Mpunguzie nguo, acha mafuta mazito. Akipata homa au vipele vikitunga usaha, mpeleke kituoni.

*Vipele vipi si vya kusubiri?*

Vinavyotokea baada ya kuanza dawa mpya, hasa zenye salfa kama Septrin au SP (ya malaria), vikiambatana na vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kubabuka. Hospitali siku hiyo hiyo, na pakiti ya dawa mkononi. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni dharura ya dakika hizo hizo.

*Mimba ina miezi minane. Viganja na nyayo vinawasha, kipele hakuna hata kimoja.*

Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, nenda kliniki kesho asubuhi. Huenda nyongo haitoki vizuri kwenye ini, na hali hiyo inaweza kumhatarisha mtoto tumboni. Waombe wakupime damu kuangalia ini.