Maswali Yenu: Kuchagua kikosi kwa zamu

Swali: Ligi yetu ya FPL Draft (mchezo wa mtandaoni wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza, mkichagua kwa zamu, na kila mchezaji akiwa wa kocha mmoja tu) ina makocha 8 na nimepangiwa kuchagua wa kwanza. Wenzangu wananionea wivu, lakini naona nitangoja mno kabla ya kuchagua tena. Nipange vipi?

Jibu: Wasiwasi wako ni wa haki. Zamu hugeuka kila raundi: ukichagua wa 1, unarudi wa 16 na 17, halafu wa 32 na 33. Katikati wanaondoka wachezaji 14. Kwa hiyo chagua wawiliwawili, na kila mara jiulize ni nafasi gani itakuwa imekauka ukirudi.

Inayokauka mapema ni ya washambuliaji. Kila kikosi kina makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, maana yake nyie 8 mtahitaji washambuliaji 24. Ligi Kuu ya Uingereza ina klabu 20, na nyingi huanza na mshambuliaji mmoja tu. Atakayezubaa atajaza nafasi hiyo kwa watu wa benchi. Ukifika zamu ya 33 uwe na wawili wa uhakika. Wa tatu anaweza kungoja, kwa sababu kanuni inakudai uanzishe mshambuliaji mmoja tu.

Zamu ya kwanza kabisa, mchukue mfungaji anayepiga penalti na asiyepumzishwa, hata akiwa kiungo. Tena kiungo ana faida: bao lake ni pointi 5, la mshambuliaji ni 4. Mohamed Salah alifunga mabao 29 msimu wa 2024/25 akiwa ameorodheshwa kama kiungo, yaani pointi 145 za mabao peke yake. Angeorodheshwa mshambuliaji, zingekuwa 116.

Swali: Kipa nimchukue raundi ya ngapi?

Jibu: Ya 12 au 13, na wa pili mwishoni. Mtachukua makipa 16 kwa jumla, kwa hiyo hata mkimaliza, angalau klabu 4 zitakuwa na kipa anayeanza ambaye hana mwenyewe. Usishtuke wenzako wakianza kukimbilia makipa raundi ya 7. Wakati huo wanakuachia viungo wazuri.

Swali: Beki wa kati au wa pembeni?

Jibu: Zamani tungesema wa pembeni, kwa ajili ya krosi na pasi za mabao. Tangu msimu wa 2025/26, beki akifikisha matendo 10 ya ulinzi katika mechi moja (kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi, kunyang'anya mpira) anapata pointi 2, hata timu yake ikifungwa. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa sana sasa ana thamani, na mara nyingi hupatikana raundi za mwisho. Chukua wawili wa aina hiyo na mmoja wa pembeni anayepiga kona.

Swali: Nikikosea je?

Jibu: Kila wiki unaweza kuomba mchezaji huru, yaani asiye na mwenyewe katika ligi yenu, mradi uwasilishe ombi siku moja kabla ya muda wa kufunga vikosi. Aliye mkiani mwa msimamo husikilizwa kwanza. Ukiongoza ligi, usitegemee kumpata yule kila mtu anayemzungumzia. Mwombe atakayeanza wiki ijayo kwa sababu mwenzake ameumia.