Kwa vijana wa faiba, kabla hamjachanganya hadina

Jumanne iliyopita, katika karakana yetu ya Kizota hapa Dodoma, tunakotengeneza maboksi na paneli za spika za magari kwa faiba, nilimkuta mwanafunzi wangu ameinama ndani ya buti la IST, brashi mkononi, rezini imekwisha kuchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha iwe ngumu, na mahali alipokusudia kulaza mkeka wa faiba, yaani wa nyuzi za kioo zinazoloweshwa rezini, pamebandikwa tepu ya karatasi ya safu moja tu. Nilimpokonya kopo. Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani ya wali, na kwa kuwa yeye ni wa tatu mwaka huu kufanya jambo hilohilo, nimeona afadhali niandike, ili watakaokuja wasome kabla ya kunipandisha presha.

1. Pimeni hadina. Kwa rezini ya poliesta ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito, yaani gramu 500 za rezini hupewa gramu 5 hadi 10, na kipimo ni bomba la sindano, si kifuniko cha soda. Hali ya hewa ya hapa ina hila zake. Asubuhi ya Julai, baridi inaposhuka chini ya nyuzi 15, rezini hulala tu bila kuganda, na kijana asiye na subira humwagia kifuniko kingine badala ya kungoja jua lipande; saa nane mchana ya Oktoba, kopo lilelile huchemka, hufuka moshi na kupasuka kabla brashi haijafika kona ya pili. Wakati wa joto changanyeni kidogo kidogo, kwenye chombo kipana. Vaeni miwani mnapopima, kwa sababu tone moja la hadina likiingia jichoni linaweza kupofusha.

2. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rezini. Tumieni ile yenye vichujio vya kaboni, hata kama wenzenu wanawacheka.

3. Tepu, na umbo la mahali unapolaza mkeka. Hapa nitakawia kidogo, kwa maana hapa ndipo nilipoadhirika.

Miaka michache baada ya Serikali kuhamia Dodoma, wateja walipoanza kuwa wengi na mimi kujiona fundi kamili, mzee mmoja aliniletea Noah yake nimtengenezee boksi la subwufa linalofuata pembe ya nyuma, upande wa kushoto. Alihitaji gari kabla ya Jumamosi, siku ya sendofu ya binti yake. Nilitoa plastiki ya pembeni, nikaona uwazi mzuri wa bati, mpana kwa ndani na mwembamba mdomoni, nikafurahi kwamba boksi litapata lita nyingi bila kula nafasi ya mizigo. Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilibandika tepu safu moja, vipande vimepakana bila kulaliana, nikapaka kwa haraka nta ya kuzuia rezini isinate, nikalaza mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, safu tatu kwa mkupuo mmoja, nikausukuma hadi kwenye kila kishimo. Jioni nilipoligonga, ganda lililia kama kigae. Nikalala usingizi mzito.

Asubuhi nilivuta, halikutikisika. Nikapiga kwa nyundo ya mpira, nikaingiza kabari, nikamwita jirani, tukavuta wawili huku tumekanyaga bampa. Rezini ilikuwa imepenya kati ya vipande vya tepu na kushika rangi ya gari, lakini hata kama isingeshika, ganda lisingetoka, kwa sababu lilikuwa limekaa mle kama ngumi ndani ya kibuyu. Ijumaa mchana niliwasha grenda nikaanza kulikata vipande humo humo ndani, bila kuziba matundu ya hewa wala kufunika viti. Vumbi jeupe likatanda hadi kwenye kitambaa cha dari. Nilipuliza kwa kompresa, nikafuta, nikaona pamesafika, nikamkabidhi mzee gari lake lenye michirizi ya grenda kwenye bati na pembe tupu isiyo na boksi.

Saa moja baadaye alinipigia simu. Alikuwa amewasha kiyoyozi, na wanawake aliowapakia, wakiwa wamevalia vitenge vya shughuli, walikuwa wanajikuna shingo na mikono. Akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Fundi, gari langu umelitia upupu?"

Nilirudisha fedha yote. Nililipia rangi, nililipia kuoshwa kwa viti na dari, na kwa miezi kadhaa nilipitia barabara ya nyuma ili nisipite mbele ya duka lake.

Kwa hiyo: tepu safu mbili, ya pili ikikatiza ya kwanza, kila kipande kikilalia nusu ya mwenzake, kisha foili, kisha nta. Kila mahali ambapo ndani ni pana kuliko mdomo, jazeni sponji na kufunika kwa tepu, au gawanyeni kipande mara mbili mkifunge kwa bolti. Ndani ya gari lazeni safu moja au mbili tu. Ganda likikauka litoeni, nyingine zilazwe nje. Msasa na grenda ni kazi ya uani.

4. Povu jeupe la kupakia televisheni huyeyuka likiguswa na rezini ya poliesta. Msilitumie kuchongea umbo.

5. Paneli ya mlango ijaribiwe mlango ukiwa umefungwa, kioo kimeshushwa hadi chini na mtu mnene ameketi kitini, tena kabla ya kupaka pati ya kusawazisha. Acheni pia nafasi ya unene wa ngozi ya kuifunikia kwenye kingo. Milimita 1 kila upande inatosha kuufanya mlango ugome. Wanaotengeneza spika nzuri zinazogonga goti la dereva nimewaona, na mmoja wao bado namdai chai kwa kumsaidia kuifumua paneli.

Yule kijana wa Jumanne alibandua tepu yote, akaanza upya, akanung'unika hadi saa mbili usiku. Asubuhi alilivuta ganda kwa mkono mmoja, likatoka zima, akaligeuza-geuza akinitazama, akisubiri nimsifu. Nilimpa ufagio.